Tusisome Herufi ya Mwisho Peke Yake



 Juma hili tunaomba tutafakari pamoja juu ya karatasi. Si kitabu kitakatifu, wala waraka wa maaskofu, bali ile karatasi ya matokeo ya mtihani inayoingia katika nyumba zetu kila mwaka, ikafurahisha wengine na kuwaliza wengine, na mara nyingine ikamhukumu mtoto kabla hajafungua mdomo wake kujitetea.

Januari ni mwezi wa karatasi hiyo. Baraza la Mitihani la Tanzania hutangaza matokeo ya upimaji wa Darasa la Nne na wa Kidato cha Pili mwanzoni mwa mwezi, na ya mtihani wa Kidato cha Nne kuelekea mwisho wake. Jumapili hizo, baada ya Misa, watu hawaondoki upesi. Kijana mwenye simu ya intaneti huzungukwa kuliko mwenyekiti wa kijiji. Jina linatafutwa, herufi inasomwa kwa sauti, na kabla mzazi hajafika nyumbani habari imekwisha kumtangulia: fulani amefaulu, fulani amefeli. Hukumu imetolewa uwanjani, na mtoto mwenyewe yuko kisimani au machungani.

Tunayo sababu ya kuliandika jambo hili, nayo si ya kujivunia.

Januari ya mwaka 2022 alitujia mama mmoja wa jumuiya zetu, akiwa na binti yake aliyekuwa amemaliza Kidato cha Pili. Alikuwa amebeba mfuko wa plastiki uliokunjwa vizuri. Tulidhani amekuja kuomba Misa ya marehemu. Akaketi, akamwonyesha binti yake mahali pa kukaa, akasema: "Baba, mwaka ule mlimsomea mzee karatasi ya kaka yake huyu. Mlisoma herufi moja. Safari hii naomba msome zote."

Tulikumbuka. Ilikuwa mwaka 2008, tukiwa bado wachanga katika upadre, wepesi wa kusema na wazito wa kusikiliza. Mume wa mama huyu, mzee mwenye ng'ombe zake na heshima yake, asiyejua kusoma, alituletea karatasi ya mtihani wa Darasa la Nne wa mwanawe mkubwa. Tulikuwa na haraka ya kwenda kigangoni. Tulitupa jicho chini kabisa, mahali palipoandikwa wastani, tukaona D, tukamrudishia karatasi yake na kumwambia: "Mzee, mtoto huyu hana bahati na kitabu." Mzee alitushukuru, akaenda zake. Ilituchukua chini ya dakika moja.

Ndugu zetu, neno la padri katika nyumba ya mkulima si neno jepesi. Mzee yule hakukasirika wala hakumpiga mtoto. Alifanya tu kile ambacho mtu mwenye akili hufanya akiisha kuambiwa na mtu anayemwamini: aliacha kutumia nguvu mahali pasipo na mavuno. Mtoto hakununuliwa daftari jipya. Siku za mnada wa ng'ombe alikaa nyumbani kusaidia. Hakufika Darasa la Saba. Baadaye alionekana kwenye kundi la vijana waliokuwa wakiokota mawe kwenye vifusi vya mgodi, wakitumaini kupata chembe ya dhahabu. Mnaijua kazi hiyo na mnajua wangapi wameumia au kufa humo. Sisi tulikutana naye njiani mara nyingi, tukamsalimu, tukapita. Hatukuwahi kujiuliza kama tulikuwa na sehemu yetu katika safari yake.

Sasa mama akafungua ule mfuko. Humo alikuwa ametunza kadi za kliniki, vyeti vya ubatizo, na ile karatasi ya mwaka 2008, imechakaa kwenye mikunjo. Akatupa mkononi. Tukaisoma, safari hii mstari kwa mstari. Kiswahili, E. Kiingereza, E. Mengine, D. Hisabati, B.

Tulikaa kimya. Mtoto aliyezaliwa katika nyumba inayozungumza Kikurya peke yake, aliyeingia shule hajui hata maneno ya kuombea ruhusa ya kwenda haja, alikuwa amepata B ya Hisabati kwa maswali yaliyoandikwa kwa lugha ambayo hajaizoea. Karatasi haikusema kwamba hana akili. Ilisema kwamba ana akili ya hesabu na hana lugha, na kwamba anahitaji mtu wa kumsaidia lugha. Ilisema wazi, kwa wino. Sisi ndio tuliokuwa hatujasoma.

Kwa hiyo tunaomba mtuvumilie, tuisome karatasi pamoja, ili pasiwe na mzazi mwingine wa Matongo atakayesomewa kama tulivyomsomea mzee yule.

Kwanza tuelewe jina lake. Darasa la Nne na Kidato cha Pili siku hizi huitwa upimaji. Kupima ni kazi ya mganga kabla ya kutibu. Mtu akipimwa damu akakutwa na malaria, hatumwambii kwamba amefeli damu, tunamtafutia dawa. Upimaji huwekwa katikati ya safari kwa sababu hiyo: bado pana muda. Wa Kidato cha Pili amebakiwa na miaka miwili kamili kabla ya mtihani wa Kidato cha Nne, ambao ndio unaofungua mlango wa Kidato cha Tano na wa vyuo. Ni kweli kwamba upimaji huu una meno, kwa maana asiyefikia kiwango hurudia kidato. Lakini kurudia si kuzikwa.

Pili, tuelewe herufi. Katika shule ya msingi kila somo lina alama 50: A ni 41 hadi 50, B ni 31 hadi 40, C ni 21 hadi 30, D ni 11 hadi 20, na E ni 10 kushuka chini. Katika sekondari kila somo lina alama 100: A ni kuanzia 75, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44, na F ni chini ya 30. Tazameni basi jinsi herufi inavyoweza kuficha mambo. Watoto wawili wamepata D ya Biolojia. Mmoja ana 30, mwenzake ana 44, alama moja tu kabla ya C. Mwingine amepata F kwa alama 29, na jirani yake amepata D kwa alama 30. Uwanjani tutasema huyu kafeli na yule kafaulu, kumbe baina yao kuna jibu moja dogo. Mwalimu ndiye anayeweza kumweleza mzazi mtoto alikaribia wapi katika majaribio ya shuleni. Tuwaendee walimu, wala tusiridhike na simu ya uwanjani.

Tatu, tuelewe pointi na daraja, maana hapa wengi hupotea. Baba mmoja alitujia akifurahi kwamba mwanawe amepata pointi 34 na mtoto wa jirani ana 18 tu. Tuliona huruma kumweleza. Katika sekondari pointi ni kama deni: zikiwa chache ndivyo ilivyo heri. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, na F ni 5. Huchukuliwa masomo saba ambayo mtoto amefanya vizuri zaidi, pointi zake zikajumlishwa. Kuanzia 7 hadi 17 ni daraja la kwanza. 18 hadi 21 la pili. 22 hadi 25 la tatu. 26 hadi 33 la nne. 34 na 35 ni sifuri. Ndiyo maana husemwa kwamba ili kuokoka na sifuri yatosha kuwa na D mbili au C moja. Fanyeni hesabu: D mbili ni 8, F tano ni 25, jumla 33.

Basi tukachukua karatasi ya yule binti. Kijiji kizima kilikuwa kimekwisha kusema kwamba amefeli. Kiswahili B. Uraia, Historia, Jiografia na Biolojia, zote D. Kiingereza, Fizikia, Kemia na Hisabati, zote F. Tukahesabu pamoja naye, yeye akiandika kwa kalamu yetu: B moja ni 2, D nne ni 16, na F mbili za kutimiza masomo saba ni 10. Jumla 28. Daraja la nne. Hakuwa amefeli. Alikuwa na haki ya kuingia Kidato cha Tatu.

Tukamwuliza: ni nini kingehitajika ili 28 ziwe 25, yaani daraja la tatu? Binti aliinama juu ya karatasi kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ndogo: Kiingereza kitoke F kiwe D, Biolojia na Jiografia zitoke D ziwe C. Pointi tatu. Alikuwa ameona mwenyewe, bila kuambiwa. Mama yake, asiyejua kusoma, alimwangalia mwanawe kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza.

Lakini palikuwa na jambo jingine, na ndilo lililomleta mama mbio. Kwa kuwa uwanjani ilisemwa kwamba binti amefeli, tayari kulikuwa na watu waliokwisha kufika nyumbani kuzungumza habari za ng'ombe. Nanyi mnajua ng'ombe wakianza kutajwa, maneno mengine huwa hayasikiki. Mzee alikuwa hajakubali wala hajakataa. Alikuwa akisubiri, na alichokisubiri ni kusomewa karatasi.

Tulikwenda nyumbani kwake jioni ile ile. Tulimweleza kwanza mambo ya sheria, kwa kuwa si busara kuyaficha: tangu mabadiliko ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, kumwoza au kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari ni kosa, na adhabu yake inafika kifungo cha miaka 30. Alisikiliza bila kujibu. Sheria anaijua kila mtu huku, na mzee wa Kikurya habadili nia kwa kutishwa. Kisha tukamsomea karatasi ya binti, somo kwa somo. Aliendelea kunyamaza. Mwisho tukatoa ile ya zamani, ya mwaka 2008, tukamsomea nayo yote, tukamwambia kwamba siku ile tulikosea.

Aliuliza swali moja tu. "Hiyo B ya hesabu, siku ile ilikuwamo?"

Tukamjibu kwamba ilikuwamo.

Hakutulaumu. Aliondoka akaenda kuwatazama ng'ombe wake zizini, akakaa huko hadi giza likaingia. Kesho yake wageni wa mahari waliambiwa kwamba binti yuko shuleni.

Tunalieleza hili si kwa kupenda kujianika, bali kwa sababu tunaamini kwamba katika kila kijiji kuna karatasi kama ile, iliyokunjwa ndani ya mfuko, na haijasomwa bado.

Tuitazame sasa ile E ya Kiswahili na ile F ya Kiingereza, kwa maana humo ndimo lilimo jambo zito. Mtoto wa Matongo hupanda ngazi mbili za lugha ambazo mtoto wa mjini hazijui zote. Nyumbani ni Kikurya. Akiingia Darasa la Kwanza, anafundishwa kwa Kiswahili. Akiisha kukizoea, akavuka kwenda sekondari, karibu masomo yote yanageuka kuwa ya Kiingereza. Swali la Biolojia linamuuliza mambo mawili kwa pamoja: je, unajua kazi ya moyo, na je, unaelewa nimekuuliza nini? Akikosa la pili, la kwanza halitajulikana. Kwa hiyo mzazi akiona B ya Kiswahili kando ya F za sayansi, asiseme upesi kwamba mtoto hana kichwa cha sayansi. Aulize kwanza kama anaelewa maswali. Binti yule alipoulizwa juu ya mzunguko wa damu kwa Kiswahili, alieleza vizuri kuliko sisi.

Yako na mengine yasiyoandikwa katika karatasi. Haisemi mtoto alitembea umbali gani kwenda shule, wala alikula nini mchana. Haisemi siku alizokosa kwa sababu ya machunga, au kwa sababu nyumba nzima ilikuwa ikipalilia. Haisemi kwamba upimaji unaangukia karibu na majira yale ambayo mabinti wengine wa huku hulala kwa hofu ya kisu cha tohara, hata wengine wakalazimika kukimbilia nyumba salama kama ile ya Masanga. Mtoto aliyefanya mtihani akiwa na hofu ya aina hiyo, hatuwezi kumlinganisha na mwenzake aliyelala usingizi. Karatasi ni ushahidi mmoja, na Maandiko Matakatifu yenyewe hayakubali mtu ahukumiwe kwa shahidi mmoja.

Huenda mtu akasema, lakini Serikali na wataalamu wameweka vipimo, padri ni nani hata avitie shaka? Hatuvidharau. Tunasema tu kwamba hata waliovitunga wanajua mipaka yake. Wazee wetu watakumbuka kwamba ni hapa mkoani Mara, mwaka 1974, ambapo Halmashauri Kuu ya TANU ilipitisha Azimio la Musoma, ambalo pamoja na mambo mengine lilitaka mwanafunzi asipimwe kwa mtihani wa mwisho peke yake, bali pia kwa maendeleo na kazi zake za siku zote. Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha kuandika mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, kwamba mitihani imepewa uzito kupita kiasi. Naye alijua alilolisema. Mtoto huyo wa Butiama aliingia shule ya Mwisenge mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 12. Lau angepimwa mwaka mmoja kabla, asingeweza kuandika jina lake.

Tukumbuke pia matokeo ya Kidato cha Nne ya mtihani wa mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013. Zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Nchi ilitikisika, tume ikaundwa, na mwezi Mei mwaka huo Serikali ikayafuta matokeo yale na kuagiza yapangwe upya. Watoto waliolala na sifuri waliamka na daraja la nne. Kisha mwaka 2014 madaraja yakaachwa, ukaja mfumo wa wastani wa pointi; na Januari 2016 Waziri wa Elimu, Joyce Ndalichako, akaagiza madaraja yarudi. Katika mabadiliko hayo yote ubongo wa mtoto haukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni rula. Rula ni chombo chema, lakini imetengenezwa na watu.

Na wala si kwetu tu. Huko Marekani wanafunzi wa darasa la nane na la tisa hufanya jaribio liitwalo PSAT 8/9, linaloanzia alama 240 na kuishia 1440, ili ijulikane mapema kama wako katika njia ya kwenda chuo kikuu. Baadaye hufanya SAT yenyewe, kuanzia 400 hadi 1600. Watungaji wake wameweka alama za mpaka, 480 kwa lugha na 530 kwa hisabati, na wanaeleza maana yake kwa uangalifu: aliyefika hapo ana uwezekano wa asilimia 75 wa kupata angalau C katika masomo ya somo hilo ya mwaka wa kwanza chuoni. Asilimia 75, si 100. Kwa maneno mengine, wenyewe wanakiri kwamba katika kila wanne wanaosimama juu ya mstari huo, mmoja hatafika walipotarajia. Na hawasemi kwamba aliye chini ya mstari hawezi. Ikiwa wenye mizani wanasema "huenda", kwa nini sisi wasomaji wa uwanjani tuseme "amekwisha"?

Mtakatifu Yohane Maria Vianney, msimamizi wa maparoko, ni ndugu yetu katika jambo hili. Alianza masomo akiwa mkubwa kwa kuwa alikuwa mtoto wa shamba. Kilatini kilimshinda, na mitihani ya seminari ilimwangusha. Palikuwa na padri mmoja aliyemfundisha kwa uvumilivu, akimweleza kwa lugha anayoielewa, na aliyewaomba wakubwa wamtazame mtu mzima, si karatasi yake. Alipadrishwa mwaka 1815, na mwaka 1925 akatangazwa mtakatifu. Tungekuwa sisi ndio waliomsomea matokeo, Kanisa lisingempata. Nabii Samweli naye, alipokwenda nyumbani kwa Yese, alimwona kwanza mkubwa, mwenye umbo na urefu. Aliyetafutwa hakuwa hata ameitwa. Alikuwa machungani na kondoo. Watu wa Mara, sisi tunaojua machungani ni wapi, tungepaswa kulielewa somo hilo kuliko wote.

Je, tufanye nini? Tunaomba mambo machache yanayowezekana.

Karatasi ikija, isomwe yote, na isomwe mtoto akiwapo. Kama mzazi hajui kusoma, asione haya. Aje kwetu, au kwa katekista, au kwa mwalimu, na adai kusomewa kila somo. Tumeagana na makatekista wetu kwamba hakuna atakayesoma wastani kabla ya masomo. Kisha mtoto aulizwe mwenyewe: ni somo gani ulilielewa, ni lipi ulikuwa hujui hata swali linasema nini? Mtoto asilinganishwe na wa jirani, bali na yeye mwenyewe wa mwaka uliopita. Maneno "hana kichwa" yasitamkwe katika nyumba ya Mkristo, tumeona yanakoishia.

Jumuiya Ndogo Ndogo nazo zina kazi. Nyumba moja katika jumuiya ikiwa na taa nzuri ya jua, watoto wa nyumba tano wanaweza kusoma hapo jioni. Kijana aliyemaliza Kidato cha Sita na hana kazi anaweza kuwafundisha Kiingereza kwa saa moja, na jumuiya ikamshukuru kwa mahindi. Haya hayahitaji mfadhili.

Na tusifikiri kwamba mlango ni mmoja. Kwenda Kidato cha Tano huhitaji ufaulu wa C katika masomo yasiyopungua matatu. Lakini aliye na D nne anaweza kuomba vyuo vingi vya ngazi ya cheti, kutoka hapo akaenda stashahada, na kutoka stashahada akafika hata chuo kikuu. Viko pia vyuo vya ufundi vya VETA. Na kwa binti aliyekatishwa shule kwa mimba au kwa sababu nyingine, Waraka wa Elimu wa Novemba 2021 ulimfungulia njia ya kurudi darasani. Tusimfungie sisi kile ambacho Serikali imefungua.

Mtauliza habari za yule binti. Alifanya mtihani wa Kidato cha Nne Novemba 2023. Kiswahili alibaki na B, Kiingereza kikapanda hadi C. Biolojia na Jiografia hazikupanda. Alipata pointi 26: daraja la nne bado, kwa tofauti ya pointi moja. Alilia siku mbili. Siku ya tatu alikuja na karatasi yake, akaisoma mbele yetu mwenyewe, somo kwa somo, akauliza ni vyuo gani vinapokea masomo aliyofaulu. Kilimpokea kimoja cha ngazi ya cheti, mjini Musoma. Ada ya muhula wa kwanza ililipwa kwa kiasi kikubwa na kaka yake.

Kaka huyo siku hizi ni fundi mwashi upande wa Tarime mjini. Aliachana na mawe ya mgodi baada ya rafiki yake kuumia vibaya. Husemwa kwamba akiangalia kiwanja, anajua idadi ya tofali bila kuandika. Tulimfuata kumwomba radhi. Alicheka kidogo, akaendelea kuchanganya udongo, akasema, "Baba, namba nilikuwa nazijua. Kusoma ndiko kulikonishinda." Kisha akatuuliza, kwa haya, kama yule kijana anayefundisha watoto jioni huwapokea na watu wazima. Tulimwambia aje Jumatano, naye amekuwa akija.

Mungu Mwenyezi awabariki ninyi na watoto wenu, waliopata A na waliopata F. Katika Misa za Jumapili hii tutawaombea walimu wote wa Matongo. Mwenye karatasi aje nayo baada ya Misa. Hatutakuwa na haraka.